Behewa Lililosimama: Siku Sita Kwenye Reli za Vita, Virginia

Siku ya kwanza. Richmond

Nimefanya kazi ya bohari miaka 22, na jambo moja nililojifunza kwa uhakika ni kwamba behewa lililosimama lina mwenyewe. Ukilikuta limejaa mzigo na halisogei, usiulize habari za mvua wala za injini. Uliza nani amelishika.

Mpwa wangu anayeishi huku Virginia aliponialika aliniuliza, "Mjomba, tukupeleke milimani au baharini?" Nikamwambia nataka kuona reli. Alicheka sana, akadhani natania. Leo asubuhi, tuliposhuka kando ya mto James mbele ya kiwanda cha zamani cha Tredegar, alikuwa hacheki tena. Kulikuwa na baridi na alikuwa ameomba likizo ya wiki nzima kwa ajili yangu.

Tredegar sasa ni makumbusho. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, hapa ndipo majimbo ya Kusini yalipopata sehemu kubwa ya mizinga yao. Ndipo pia ulipoanzia ugonjwa wa reli zao, kabla adui hajazigusa. Chuma kilikuwa haba. Jeshi la nchi kavu lilitaka mizinga, wanamaji walitaka mabamba ya kuvika meli, na reli mpya zikakosa nafasi kwenye tanuri. Mwanzoni mwa 1863 serikali iliunda tume ya kung'oa vyuma vya njia ndogo ili kutia viraka njia kuu. Treni zilizokuwa zikikimbia kabla ya vita zikaishia kutambaa maili 10 kwa saa, na pengine chini ya hapo.

Lakini kilichonivutia zaidi ni bei. Kusini ilikuwa na takriban maili 9,000 za reli mikononi mwa kampuni zaidi ya 100, nyingi zikiwa zimejengwa kutoa pamba shambani na kuifikisha bandarini, basi. Aprili 1861 wakuu wa kampuni hizo walikutana Montgomery wakaafikiana na serikali: askari atasafirishwa kwa senti 2 kwa maili, na shehena ya jeshi kwa nusu ya nauli ya kawaida. Malipo yangeweza kufanywa kwa hati za dhamana za serikali hiyo changa. Nilimweleza mpwa wangu tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Mfanyabiashara ana magunia ya chumvi na analipa nauli kamili. Serikali ina unga wa askari, inalipa nusu, tena kwa karatasi. Wewe ni karani wa stesheni na una behewa moja. Utapakia nini?

"Chumvi," akasema bila kufikiri.

"Basi vita hii umeshaielewa kuliko mawaziri wao."

Kuna jambo jingine ambalo sikuweza kulipita. Hapa Tredegar na kwenye kampuni za reli, kazi nzito ilifanywa na watumwa waliokodishwa kwa mwaka, fedha ikienda kwa mabwana zao. Wao ndio waliolaza mataruma, wakakata kuni za injini, wakashindilia kokoto. Jeshi la Kaskazini lilipokaribia, wengi walitoroka kwenda upande wake, na mabwana wengine wakaogopa kuwakodisha watu karibu na mstari wa vita. Kampuni zikalalamika kwamba hazina wafanyakazi. Nilisoma jambo hilo mara mbili nikaona nitoke nje nikapunge hewa.

Siku ya pili. Fredericksburg

Tumekwenda kwa treni, kwa njia ileile iliyolisha jeshi la Jenerali Robert E. Lee wa Kusini, ingawa vyuma si vilevile. Tuliondoka tumechelewa dakika 40 tukipisha treni ya mizigo. Mpwa wangu alinuna. Mimi nilifurahi, kwani angalau mzigo ulikuwa ukienda.

Baada ya mapigano ya Desemba 1862, jeshi la Lee lilipiga kambi kwenye vilima vya hapa majira yote ya baridi. Richmond, mji mkuu wa Kusini wenye maghala ya serikali, iko umbali wa maili 60 tu. Hebu fikiria. Reli moja iliyonyooka, maili 60, na askari wakawa wanapewa robo ratili ya nyama ya nguruwe yenye chumvi na wakia 18 za unga kwa siku. Machi 1863 Lee mwenyewe aliandika kwamba kila kikosi kilikuwa kikituma watu kila siku kuchuma vitunguu mwitu na machipukizi ya porini ili wasipate ugonjwa wa fizi. Farasi nao walikuwa wakikonda kwa kukosa majani.

Kosa halikuwa la mtu mmoja. Mkuu wa posho, Lucius Northrop, alilaumiwa na karibu kila jenerali, na ukisoma barua zake unaona kwa nini: ana majibu ya kila kitu ila ya chakula. Lakini hata yeye hakuwa na mamlaka juu ya treni. Idara ya posho ilinunua, idara nyingine ikasafirisha, na kampuni ya reli ikapakia ilichotaka. Ikafika hatua Lee akamtuma Jenerali James Longstreet na divisheni mbili kusini, upande wa Suffolk, na mojawapo ya kazi zao ikawa kukusanya vyakula. Mapigano ya Chancellorsville yalipoanza mwanzoni mwa Mei, divisheni hizo hazikuwapo. Lee alishinda, ni kweli, ila alipigana bila maelfu ya watu waliokuwa wamekwenda, kwa lugha ya nyumbani, sokoni.

Mchana tulivuka kwa gari hadi kijito cha Potomac Creek. Hapa kuna habari ya upande wa pili ambayo nimeibeba kichwani kwa miaka. Mei 1862 mhandisi wa Kaskazini, Herman Haupt, alijenga daraja la reli la urefu wa futi 400 hivi, kwenda juu futi 80 na zaidi, kwa magogo mabichi na askari ambao wengi hawakuwahi kushika shoka la useremala. Ilichukua siku tisa hivi. Rais Lincoln alipoliona alirudi akisimulia kwamba treni zinapita juu ya kitu ambacho hakina ila vijiti vya maharage na mabua ya mahindi.

Watu hulisifu daraja. Mimi husifu kanuni zake, ambazo hazipigiki picha. Haupt alisema: hakuna ofisa wa jeshi, awe na cheo gani, atakayeiamuru treni isipokuwa wale wenye dhamana ya reli. Behewa likifika lishushwe mzigo mara moja lirudi. Lisigeuzwe ghala, wala ofisi, wala chumba cha kulala cha kanali.

Tena Kaskazini hakukuwa na malaika. Waziri wa kwanza wa vita wa Lincoln, Simon Cameron, alituhumiwa kupeleka biashara ya jeshi kwenye reli aliyokuwa na maslahi nayo, akaondolewa Januari 1862. Na Agosti mwaka huohuo, jeshi la Jenerali Pope likiwa linahitaji msaada upesi, Jenerali Sturgis aliikamata njia pale Alexandria ili kikosi chake kipande kwanza. Treni zikakwama. Haupt alipomweleza kwamba anamponza Pope, Sturgis akamjibu kwamba hamjali John Pope hata kwa chembe ya mavi ya bundi. Mpwa wangu aliniomba nirudie maneno hayo mara tatu. Tofauti ni kilichofuata: Haupt alipiga simu ya maandishi kwa mkuu wa majeshi, amri ikarudi, na Sturgis akaachia njia. Tangu tarehe 31 Januari 1862 rais wa Kaskazini alikuwa na sheria ya kumruhusu kutwaa reli yoyote, na kampuni zilijua kwamba ataitumia zikimkwamisha. Kwa hiyo hazikumkwamisha.

Kusini walimteua William Wadley mwishoni mwa 1862, mtu wa reli hasa, asimamie usafiri wote. Baraza la seneti lao halikumthibitisha. Frederick Sims aliyemfuata alijua kazi, ila alipewa dhamana bila rungu. Sheria ya kuzibana kampuni ilipitishwa Mei 1863, ikakaa kabatini. Sheria kali zaidi ilikuja Februari 1865, wakati hata reli za kutwaa zilikuwa zimebaki chache.

Siku ya tatu. Petersburg na City Point

Kama una siku moja tu Virginia, njoo Petersburg.

Mji huu ulikuwa na njia tano za reli, na vita vilipoanza, njia ya kutoka Richmond na ile ya kwenda kusini Weldon hazikuungana. Treni ilifika ukingo mmoja wa mji, mzigo ukashushwa, ukapakiwa kwenye mikokoteni ya farasi, ukavushwa mitaani, ukapakiwa tena ukingo wa pili. Ajali ya ramani? Hapana. Wenye mikokoteni walikula hapo, wenye hoteli walilaza abiria hapo, na wachukuzi walipata ujira hapo. Kipande cha kuunganisha kilikuja mwaka 1861 kwa shinikizo la vita, nacho kwa masharti ya muda. Nimesimama mtaani nikijaribu kupima umbali kwa miguu. Unaweza kuutembea huku ukila chungwa.

Halafu kuna upana wa reli. Kutoka hapa kwenda Lynchburg njia ilikuwa ya futi 5. Ile ya Weldon ilikuwa ya futi 4 na inchi 8 na nusu. Injini ya huku haipiti kule hata ukiibembeleza. Ukienda mbele hadi Wilmington, mambo ni hayohayo na mto juu yake: njia ya kaskazini nyembamba, ya kusini pana, na mto Cape Fear katikati bila daraja, watu na mizigo vikivushwa kwa kivuko.

Septemba 1863 ndipo Kusini ilipolipa deni la yote haya. Longstreet alitakiwa apeleke watu kama 12,000 kutoka Virginia kwenda Georgia kumsaidia Jenerali Bragg. Njia fupi ya Knoxville ilikuwa imetekwa siku chache kabla. Wakazungushwa kupitia Carolina zote mbili, kwenye reli za kampuni kama 16, juu ya mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe, wakishuka na kupanda kila palipobadilika upana. Walianza kuondoka tarehe 9. Mapigano ya Chickamauga, huko Georgia, yalikwisha tarehe 20, na wakati huo ni karibu nusu tu ya vikosi vyake vilivyokuwa vimefika. Mizinga yake ilitokea baada ya siku kadhaa, moshi umeshatulia.

Siku tano baada ya mapigano hayo, Kaskazini ilianza kupakia watu zaidi ya 20,000 kuwapeleka upande uleule. Safari ilikuwa ya maili 1,200 hivi, na kwa muda wa siku 12 hivi askari walikuwa wamewasili. Wao pia walibadilisha treni njiani na wao pia walivuka mto Ohio. Lakini waziri wa vita Stanton aliwaita wakuu wa reli chumba kimoja, wakagawana kazi usiku, asubuhi simu za maandishi zikaanza kutoka.

Alasiri tulikwenda City Point, ambako mito ya James na Appomattox hukutana. Ni uwanja wa nyasi uliotulia, na mama mmoja alikuwa akitembeza mbwa. Hapa, kuanzia katikati ya 1864, palikuwa bandari ya jeshi la Jenerali Grant wa Kaskazini lililouzingira Petersburg. Tanuri zake zilitoa mikate zaidi ya 100,000 kwa siku. Kutoka gatini walijenga reli ya maili 21 hivi nyuma ya mahandaki, bila kusawazisha ardhi: kilipo kilima inapanda, kilipo bonde inashuka. Walioiona walicheka. Mkate ulifika.

Upande wa pili wa mahandaki, Agosti 1864, Lee alipoteza njia ya Weldon karibu na mji. Ikabidi shehena ishushwe Stony Creek, kusini huko, izungushwe kwa mikokoteni kupitia Dinwiddie, kwa farasi wenye njaa.

Siku ya nne. Petersburg, mvua

Mvua tangu alfajiri. Tumefua nguo.

Jioni mpwa wangu, akiwa amejilaza, aliniambia, "Mjomba, si ndiyo ule msemo, manahodha wengi chombo huenda mrama?"

Nikamwambia unafanana na habari hii ila hauitoshi. Manahodha wengi huwa wanagombania usukani. Hawa wa Kusini walijitenga na muungano wakidai serikali kuu isiingilie mambo ya majimbo, na hasa isiingilie utumwa. Walipopata serikali yao, waliogopa kuipa ile nguvu waliyoikimbia. Rais wao, Jefferson Davis, aliwaandikisha vijana jeshini kwa lazima kuanzia Aprili 1862. Mtoto wa mtu alichukuliwa kwa nguvu. Behewa la kampuni aliliomba kwa heshima.

Hakujibu. Nilipogeuka nikakuta amelala.

Siku ya tano. Amelia, kisha Farmville

Barabara ya leo ina vibao vya kuonyesha njia aliyorudi nayo Lee baada ya mahandaki yake ya Petersburg kuvunjwa tarehe 2 Aprili 1865. Usiku huo Davis na mawaziri wake walipanda treni Richmond kwenda Danville, maili 140, wakafika siku ya pili alasiri. Nyuma yao maghala ya posho yalifunguliwa kwa wananchi kabla ya mji kuwaka moto. Watu waliokuwa wakinunua unga kwa bei ya dhahabu, na ambao miaka miwili nyuma, Aprili 1863, walifanya ghasia za mkate mitaani, waliona magunia na mapipa yakitolewa ya jeshi ambalo lilikuwa likifa njaa kwenye mahandaki.

Amelia Court House ni kijiji chenye mahakama, uwanja, na reli inayopita bado. Lee alifika hapa tarehe 4 Aprili akitarajia kukuta chakula. Yalikutwa mabehewa. Yalipofunguliwa yalikuwa na baruti, risasi, na zana za mizinga.

Nimekaa hapa kwenye benchi zaidi ya saa moja. Kwa mtu wa bohari hakuna mahali pa kutisha kama hapa. Kuna wanaosema treni ya chakula ilipita ikaitwa Richmond ili serikali ipate mabehewa ya kukimbilia. Maofisa wa posho walikana, wakasema hawakupata ombi hadi Richmond ilipokuwa inahamwa. Lee alisema aliagiza. Mimi sioni haja ya kutafuta mwongo kati yao. Nimewahi kuona karatasi ya ombi ikilala mezani siku tatu chini ya kikombe, na kila aliyeipitia akaapa kwamba ameishughulikia. Kinachoniuma ni kwamba Danville, mwisho wa reli hiihii, palikuwa na posho za nyama zaidi ya milioni moja. Zilikuwapo na zilihesabiwa.

Lee alipoteza siku nzima hapa. Wenzake waliotoka Richmond walikuwa wamechelewa pia, kwani daraja la maboya lililotarajiwa halikuwapo, wakavuka mto kwenye daraja la reli lililotandikwa mbao. Mikokoteni ilitumwa vijijini kuomba chakula, ikarudi karibu mitupu, kwa kuwa vijiji hivyo vilishakamuliwa. Askari wa farasi wa Kaskazini wakatumia siku hiyo kuiziba reli mbele, Jetersville. Njia ya Danville ikafungwa.

Tarehe 6 palikuwa na mapigano ya Sailor's Creek, ambako Lee alipoteza karibu robo ya jeshi. Tulipita haraka. Tarehe 7 waliofika Farmville walikuta treni yenye chakula, wakaanza kugawiwa, kabla wengi hawajapata fungu lao adui akatokea, na treni ikaondolewa na kilichobaki ndani.

Jioni tumetembea juu ya High Bridge, daraja la reli ya zamani lenye urefu wa futi zaidi ya 2,400, ambalo sasa ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Treni haziji tena. Mpwa wangu anaogopa mahali pa juu, alishika ukingo njia yote, akanikataza nisimpige picha.

Siku ya sita. Appomattox

Watalii wengi huenda moja kwa moja kwenye nyumba ya McLean, ambako Lee alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865. Nyumba yenyewe imejengwa upya, ya kwanza ilibomolewa. Tuliingia, tukaona meza, tukatoka.

Nilitaka stesheni, maili tatu kutoka hapo. Siku moja kabla ya hapo treni za chakula kutoka Lynchburg zilikuwa zimesimama hapa zikimngojea Lee. Safari hii karatasi ilifika, mzigo ukapakiwa, treni zikaja mahali palipoagizwa. Ila tarehe 8 hiyo wapanda farasi wa Jenerali Custer wa Kaskazini walifika kabla yake, wakazikamata, na askari waliowahi kuwa madereva wa treni wakapanda kwenye injini na kuziondoa. Siku iliyofuata, baada ya kutia sahihi, Lee alimwambia Grant kwamba watu wake hawana chakula. Grant akaamuru wapewe posho 25,000.

Tulikaa kando ya reli tukila mkate tuliobeba. Saa kumi hivi ikaja treni ya mizigo, ndefu, ikitokea mashariki, nasi tukaanza kuhesabu mabehewa kwa sauti. Mimi nilipata 94. Yeye alipata 96, na akasisitiza.

"Mjomba, ulipepesa macho pale kwenye matangi."

"Miaka 22 nimehesabu mabehewa."

"Basi ni 95," akasema, akiniwekea mkono begani, "tugawane."

Nimeandika 94.